Jumatatu za Bai Rusko na Taa Mbili

Kwa miaka thelathini na minne Rusko Delchev, Bai Rusko kama tunavyomwita kwa heshima, amewasha na kuzima taa za ukumbi wetu wa vikaragosi. Tarehe 31 Mei anastaafu. Meneja ameniomba mimi, Radostina, mshona nguo za vikaragosi, niandike wasifu huu. Shule niliishia darasa la nane, lakini amechagua vizuri: hakuna amjuaye Bai Rusko kama mimi, na hakuna mwenye mtoto kama wangu.

Alianza kwa kubadilisha balbu. Ndiye aliyebuni ule mwezi unaochomoza nyuma ya nyumba ya mbweha, na watoto wa mji mzima wameunyooshea kidole. Ndiye pia aliyeunguza masharubu ya mfalme siku ya onyesho la kwanza. Nilishona mengine wakati wa mapumziko, yakapendeza kuliko ya mwanzo.

Sasa nije kwenye lile lililonong'onwa. Jumatatu hatuna maonyesho, na kila Jumatatu taa mbili na stendi zake hazikuwepo stoo. Jumanne zimerudi, zimepanguswa vizuri. Mnadhani watu walisema nini?

"Anazikodisha kwenye harusi," alisema Penka wa tiketi.

"Harusi gani ya Jumatatu, wewe?" nikamuuliza.

"Basi ni jambo baya zaidi!"

Nami nilikuwa na shaka, tena kubwa. Jumatatu moja tu nilijua zilipokuwa: jikoni kwangu. Bai Rusko alikuja kumpiga picha Kalina wangu alipotimiza miaka miwili. Alitundika shuka jeupe kwenye kamba ya nguo, taa moja akaielekeza darini, nyingine akaiwekea karatasi ya kuokea ili mwanga uwe laini, kisha akavaa mbweha wa ukumbini mkononi ili mtoto amtazame. Banitsa, mkate wetu wa jibini, ilikuwa ndani ya oveni, umeme ukakatika, jirani wa chini akagonga bomba: "Mnachomelea vyuma huko juu?"

Picha ilipotoka, niliona malkia. Bai Rusko akatema mate ya uongo, pu-pu, kama ipasavyo ili husuda isimpate mtoto. "Lo, kitoto kibaya kama nini!" Nilifurahi nikamfungia nusu ya sinia.

Picha nikaificha kabatini. Mtoto mzuri kiasi kile ukimtundika ukutani unamwitia jicho la husuda. Nikamwapisha Bai Rusko asimwambie mtu. Lakini Jumatatu nyingine zote je? Kila alipopita na taa zake nilimfuata kwa macho mpaka kona ya barabara.

Mwaka jana meneja mpya, Bwana Zahariev, akatukusanya sote. Bai Rusko aseme taa huenda wapi, la sivyo anaondoka leo, bila cheti wala kwaheri.

"Siwezi," akajibu Bai Rusko. "Nimeahidi."

"Umemwahidi nani?"

Penka akatazama viatu vyake. Dereva Mladen akatazama dari. Nikawashuku wote wawili.

Sikuvumilia. "Bwana meneja, ngoja hapo hapo!" Nikavuka barabara mbio hadi nyumbani, nikarudi na Kalina wangu kwenye fremu.

Penka akalipuka: "Ati wako tu? Mjukuu wangu alitangulia!" Mladen akachomoa mapacha wake kwenye pochi, wamefungwa uzi mwekundu wa kuzuia husuda. Wengine wakafuata. Kumbe kila mmoja alimwapisha, kila mmoja akaficha picha yake, na kila mmoja alimdhania mwizi kwa Jumatatu za wenzake.

Meneja akasema Bai Rusko abaki, ila taa aziombe kwanza. Wiki ile ile nikamsikia meneja mwenyewe mlangoni pa stoo, sauti chini kabisa: "Bai Rusko, Jumatatu una nafasi? Wangu ana miezi saba. Ila ibaki baina yetu." Mimi nilikuwa napita tu na sindano zangu.

Bai Rusko, asante kwa kila uso ulioung'arisha. Stoo anaichukua kijana mwingine, na tayari tunamshuku. Nenda kwa nyuki wako unaowafuga, uwe na afya, ulale mpaka jua lipande. Taa mbili ni zako, zawadi ya ukumbi. Usizifunge mbali: Agosti kwangu anaongezeka mtu, na Jumatatu ya kwanza nimeshaiwahi mimi.