Miaka Thelathini Bila Kuketi: Muuguzi Enesi Halinga na Hema la Nailoni

Tarehe 30 Juni 2015, Muuguzi Enesi Halinga anatimiza miaka thelathini ya utumishi katika hospitali yetu hapa Tunduma, na anastaafu kwa mujibu wa sheria. Kamati ya maandalizi imemwekea kiti mbele ya ukumbi, kimepambwa kwa kitambaa na maua. Hadi programu hii inakwenda kuchapwa, hakuna mjumbe aliyekuwa tayari kuahidi kwamba atakikalia.

Aliajiriwa Julai 1985 akitokea Iyula, akiwa mhudumu wa wodi. Hizo ndizo siku ambazo glovu zilifuliwa, zikaanikwa kwenye kamba, zikapakwa poda na kurudi kazini. Mama Enesi alizijaza maji moja baada ya nyingine kutafuta matundu. Alizikataa nyingi mno, mpaka mtunza stoo akamwendea kwa hasira. Jibu lake lilikuwa fupi: “Basi aliyezipitisha azivae yeye.” Miaka minne baadaye, akiwa ameshapata mafunzo ya uuguzi, alihamishiwa chumba cha upasuaji, na huko ndiko alikobaki.

Kazi ya upasuaji wa masikio, inayofanyika humo, inahitaji maelezo kidogo kwa wageni wetu. Sikio linalotoa usaha kwa miaka mingi huweza kuozesha mfupa ulio nyuma yake, na usaha ukishafika ubongoni mgonjwa hana muda tena. Daktari hulazimika kuufungua mfupa huo. Zamani alitumia patasi na nyundo. Mwaka 1996 tulipata keekee ya umeme, na tulishangilia sana. Keekee huzunguka kwa kasi huku maji yakimiminwa ili mfupa usiungue, na maji hayo hurushwa juu kama ukungu, pamoja na unga wa mfupa. Daktari ameinama, pua yake haiko hata hatua moja kutoka hapo. Pembeni yake yuko muuguzi mwenye mpira wa kufyonza maji. Chumba kimefungwa ili vumbi la barabara ya malori lisimfikie mgonjwa. Tulijali sana kumkinga mgonjwa na sisi. Swali la nani anatukinga sisi halikuwa limeulizwa.

Aprili 1998 alifika Bwana Mhoja, mfugaji kutoka mabondeni Momba, sikio likitoa usaha na upande mmoja wa uso ukiwa umelegea. Makohozi yake yalichukuliwa, majibu yakisubiriwa hadi kesho yake. Ndugu zake saba walikuwa wamelala nje kwa siku mbili. Mama Enesi aliwaonea huruma, akaliondoa jina la Bwana Mhoja chini ya orodha ya upasuaji na kuliweka juu. Upasuaji ulifanikiwa. Asubuhi iliyofuata maabara ilileta majibu: kifua kikuu, na hata mfupa wa sikio ulikuwa nacho.

Kabla mwaka haujaisha Daktari Efraimu Siwale alianza kukohoa. Alimeza dawa miezi minane, akapona, na leo yuko nasi ukumbini. Muuguzi Getruda Kibona, aliyeshika mpira wa kufyonza siku ile, hakupona. Tulimzika Machi 1999. Aliacha binti wa miaka minane, Ikupa.

Hakuna aliyeweza kuthibitisha kwamba ugonjwa ule ulitoka kwenye sikio lile. Mama Enesi ameambiwa hivyo na madaktari, na wachungaji, na Bwana Efraimu mwenyewe. Hajaafiki hata siku moja. Tangu msiba ule hatujamwona akinywa chai ameketi. Kikombe kilipoa mkononi huku yeye akipita dirisha hadi dirisha, akigusa komeo kuhakikisha liko wazi hewa ipite, akirudi kuligusa tena.

Kwanza alitaka kila mgonjwa wa sikio asubiri majibu. Sheria hiyo ilikubaliwa, lakini haikumtuliza, kwa sababu alijua kuna wagonjwa wasioweza kusubiri. Mwaka 2001 akaomba ruhusa ya jambo ambalo kikao cha madaktari kililijadili kwa vicheko. Alinunua kichwa cha mbuzi kwa Abrahamu, muuza nyama wa jirani, akakilaza juu ya meza ya upasuaji Jumamosi mchana, akatia wino wa buluu kwenye maji ya keekee. Aliwavisha wote nguo nyeupe na kumwomba Daktari Efraimu atoboe kwa dakika kumi.

Vicheko viliisha taa kubwa ilipowashwa. Daktari alikuwa na madoa ya buluu kwenye paji la uso, kwenye nyusi na ndani ya ukingo wa barakoa. Mtoa dawa ya usingizi, Ezron, ambaye siku zote alijigamba kwamba yeye hukaa mbali, alikutwa na madoa shingoni. Doa moja lilikuwa juu ya kifuniko cha chupa ya chai iliyowekwa dirishani. Abrahamu alipokuja kuuliza kama kichwa kinarudi, maana mkewe alikitegemea kwa supu, alijibiwa kwamba mgonjwa bado amelazwa.

Wiki ileile Mama Enesi alirudi kutoka Iyula na nailoni angavu, ile tunayofunikia vichanja vya kahawa mvua inapokuja ghafla. Kwa cherehani yake ya mkono alishona hema dogo linaloning'inia kutoka kwenye hadubini anayochungulia daktari na kumfunika mgonjwa kichwa na mabega, lenye matundu ya mikono na mpira wa pili wa kufyonza hewa ndani. La kwanza lilijaa mvuke, daktari asione kitu. La pili lilichanika. La tatu ndilo babu wa mahema tunayotumia hadi leo. Kila baada ya kazi huoshwa kwa dawa na kuanikwa juani, na mafundi walitoboa ukuta na kuweka feni ya kusukuma hewa nje.

Barakoa ngumu za kuchuja hewa zilipofika mwaka 2008 tulidhani amepata alichokuwa akikitafuta. Siku ya pili alituita kwa zamu. Mtu alivaa barakoa, akafunikwa mfuko kichwani, kisha Mama Enesi akanyunyiza ndani yake maji ya kwinini. Ukionja uchungu, barakoa inavuja, na huingii. Daktari Efraimu, mwenye ndevu zilizojulikana hadi Nakonde, ng'ambo ya mpaka, alikunja uso mara tatu.

“Ndevu au keekee, Daktari. Chagua moja.”

“Sista, hata mke wangu hajawahi kunikataza ndevu!”

“Mkeo hashiki mpira wa kufyonza.”

Kesho yake alikuja amenyoa. Mlinzi wa getini alimwomba kitambulisho.

Ikupa Kibona alisomea uuguzi na kuajiriwa hapa mwaka 2013. Aliomba chumba cha upasuaji. Mama Enesi alimpinga mwaka mzima, kisha akamfundisha mwaka uliofuata, akimtaka akague mishono ya hema kwa vidole huku amefumba macho.

Februari mwaka huu aliletwa mama mmoja kutoka Mbebe, sikio limeoza, uso umelegea, anaanza kupoteza fahamu. Majibu yalikuwa hayajatoka na kusubiri kungemuua. Kwa utaratibu wa makabidhiano kabla ya kustaafu, Mama Enesi hakuruhusiwa kuingia. Ikupa alifunga hema, akajipima kwa kwinini, akashika mpira. Kwa saa tatu korido haikukauka. “Mama Enesi, nimepiga deki mara nne, unapita palepale,” alilalamika Yunisi, mfanya usafi. “Piga ya tano, mwanangu,” alijibiwa, na mwendo ukaendelea.

Mgonjwa alipona. Majibu yalikuja siku ya pili: kifua kikuu. Mama Enesi alikwenda nyuma ya chumba cha dobi, akaliteremsha hema kwenye kamba, akaligeuza na kuyafunga matundu ya mikono, akalijaza maji kama glovu za mwaka themanini na tano, akasimama kulitazama mshono kwa mshono. Halikuvuja.

Mwezi uliopita Ikupa alipigwa picha ya kifua. Ni safi. Daktari Efraimu aliipeleka picha mwenyewe kwa Mama Enesi, akamwambia, “Sista, sasa tulia.” Mama Enesi aliishika kuelekea kwenye mwanga kwa muda mrefu. “Apigwe tena Desemba,” alisema. “Nitakuja na kahawa, niione kwa macho yangu.”

Kwa niaba ya watumishi wote, na ya mapafu yetu, tunakushukuru, Mama. Nenda Iyula ukapate usingizi wa kutosha na mavuno ya kutosha, na Mungu akupe miaka mirefu kuliko hii uliyotupa. Picha ya Desemba itakusubiri. Kuhusu ukumbi huu, usihangaike: Ikupa amepita madirisha yote asubuhi hii, na yako wazi.

Kiti ni chako. Keti.