Fundi Kidole na Maji ya Pampu Namba Mbili

Baada ya miaka thelathini na saba ya kuhudumia pampu za tope zito katika kituo chetu cha kusafisha majitaka, fundi mkuu wa karakana anastaafu tarehe thelathini mwezi huu. Kwenye faili ana jina refu la heshima. Hapa kazini, kuanzia mlinzi wa getini hadi meneja, anaitwa Fundi Kidole, naye huitika bila kununa.

Wahariri wa jarida hili wameniomba niandike mimi kwa kuwa nilikuwa mhandisi wake kwa miaka kumi na saba, kabla sijastaafu. Nimekubali kwa furaha, na kwa sababu nyingine nitakayoieleza.

Kwanza jina. Kila pampu yetu ina pistoni mbili zinazopokezana: moja ikivuta tope, nyingine inalisukuma. Nyuma ya pistoni hizo kuna sanduku la maji yanayoosha silinda na kuzipoza. Mpira wa pistoni ukianza kulika, chembe za mchanga hupenya na kuingia kwenye maji hayo. Sisi wengine tulingoja mpaka maji yageuke rangi ya majivu. Yeye, kila asubuhi, alichovya kidole cha shahada, akakisugua na kidole gumba, akatulia kama mpishi anayeonja chumvi, kisha akasema mpira huu umebakiza wiki tatu, au siku mbili. Tulimcheka, halafu tulianza kuagiza mipira kwa kufuata kidole chake.

Kazi yake kubwa zaidi ni ile iliyozipa silinda zetu umri mrefu. Alipoajiriwa, pampu zilikwenda kwa mipigo mifupi ya harakaharaka, ishirini kwa dakika, na silinda mpya ilikwaruzika ndani ya mwaka mmoja na nusu. Aligundua kwamba mpira huumia zaidi pale pistoni inapogeuza njia. Akaomba pistoni iachwe itembee urefu wote wa silinda, mipigo kumi tu kwa dakika. Kiasi cha tope kilichofika mwisho wa bomba kilikuwa kilekile, ila pistoni zilikuwa zimegeuka mara chache zaidi. Wenzake wa zamu walimtania: "Fundi, pampu yako inasinzia!" Akawajibu: "Heri isinzie kuliko ife." Silinda aliyoifunga wakati huo ilidumu miaka saba. Vijana wote waliopita mikononi mwake wanaujua msemo wake: "Tope halina haraka. Haraka ni yako."

Wanazijua pia chupa zake. Dirishani pa karakana kuna safu ya chupa za jamu zenye maji ya pampu, kila moja na tarehe yake, mchanga ukiwa umetuama chini. Mkewe aliwahi kuja getini kuzidai. "Mwambieni baba watoto anirudishie vyombo vyangu," alimwambia mlinzi. "Au anataka tuanze kupaka tope kwenye mkate?" Alirudishiwa chupa mbili, na wiki iliyofuata zikatoweka tena jikoni kwake.

Watu wamekuwa wakimsifu kwa chupa hizo, kwamba ni mtu asiyeridhika na kipimo kimoja. Ni kweli. Lakini hakuwa hivyo zamani. Alianza kuzikusanya baada ya kuacha kukiamini kidole chake, na aliyemfanya asikiamini ni mimi.

Ilikuwa katika mwaka wake wa sita. Tulitarajia wageni kutoka makao makuu siku ya Alhamisi. Siku hiyo nilifika alfajiri, nikafunua sanduku la pampu namba mbili, nikakuta maji yamekuwa rangi ya majivu. Mpira ulikuwa umekwisha. Kanuni ilitaka pampu isimamishwe palepale. Mimi sikutaka wageni waikute imelala. Nikafungua koki ya chini, nikayamwaga maji yote, nikajaza mapya, nikafunika. Nilijiambia kwamba Jumamosi tutaifungua, hakuna atakayejua.

Saa moja asubuhi Fundi Kidole akaja kama kawaida yake. Akachovya, akasugua, akakuta maji laini. Akaandika kwenye karatasi ya ukaguzi kwamba maji ni safi, akatia sahihi.

Ijumaa mchana pampu ilikwama. Silinda ilikuwa na mifereji inayoingia ukucha. Kwa siku kumi na moja tope lilijaa matangini, na mitaa ya jirani ikaziba pua. Kamati ilipouliza nani alikagua, karatasi ilikuwa mezani. Yeye alisema tu: "Nilikosea. Kidole kilinidanganya." Nilikuwa nimekaa viti viwili kutoka kwake. Nikanyamaza. Akapewa barua ya onyo, na usimamizi wa karakana, ambao kila mtu alijua ni wake, ukapewa mwingine. Aliungoja miaka kumi na moja.

Msinisaidie kwa kusema kwamba kosa langu ndilo lililomfanya awe makini. Alikuwa makini tangu siku ya kwanza. Nilichomwongezea ni mashaka, na mtu kuishi na mashaka juu ya mkono wake mwenyewe kwa miaka thelathini na moja si jambo dogo.

Mwezi uliopita alikuja kunijulia hali. Siku hizi sitoki kitandani, na daktari ameacha kunificha mambo. Nikamwambia yote. Akauliza:

"Mzee, ulifungua koki ya chini au ya juu?"

"Ya chini."

"Ndiyo maana hakukuwa na hata chembe." Akasimama, akaenda dirishani, akanipa mgongo. "Mke wangu kanisema miaka yote hii kwa chupa zake. Kumbe deni lake ni lako."

Nikamwomba msamaha. Akasema: "Hilo tutaliongea. Kwanza andika, mzee. Wanangu wasome."

Nimeandika. Binti yangu amepiga chapa. Meneja amenithibitishia kwamba barua ya onyo imetolewa kwenye faili, na maelezo yangu yamewekwa mahali pake. Wenzangu wa zamani mliomlaumu kwa siku zile kumi na moja, sasa mnajua lawama ilikuwa ya nani.

Fundi, tunakushukuru kwa silinda zilizodumu na kwa vijana uliowafundisha kazi. Nakushukuru pia kwa kunisikiliza bila kuondoka. Msamaha bado hujanipa, nami sitakuharakisha, ingawa muda wangu ni mfupi. Nenda ukapumzike ukijua kwamba asubuhi ile hukukosea. Sote hapa tunakuombea ustaafu wenye afya, usingizi mzuri, na miaka mingi pamoja na mama watoto.