Mwaba wa Waya Inaimba na Kilio cha Mama Yake

Ndugu, jamaa, majirani wa Ruashi, wafanyakazi wenzake wa karakana na nyote mliokuja kuketi nasi chini, familia imeniomba mimi, shemeji yake, niwasomee maisha ya Mwaba Chomba, na ninawaomba mnisikilize hadi mwisho, kwa sababu leo mwisho wenyewe una jambo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1941 katika kambi ya wafanyakazi, mji huu wa Lubumbashi ukiitwa bado Elisabethville, mtoto wa kwanza wa Mzee Chomba, aliyekuwa fundi wa reli, na wa Mama Marie-Thérèse Bwalya, ambaye tunaye hapa, ameketi karibu na jeneza. Padri alimbatiza Adrien, na jina hilo alilibeba hadi mwaka 1972, majina ya Kizungu yalipokatazwa, akabaki Mwaba, jina la babu yake, naye akasema hajapoteza kitu, maana nyumbani hakuna aliyewahi kumwita Adrien ila alipofanya makosa.

Alisoma shule ya msingi ya misheni kuanzia 1948 hadi 1954, kisha shule ya ufundi hadi 1959, akatoka na cheti cha umeme. Tarehe 2 Mei 1960 aliajiriwa katika kampuni ya shaba, kazi yake ikiwa kusuka upya waya za mota zilizoungua, na aliendelea nayo kampuni ilipokuwa mali ya taifa mwaka 1967, mpaka miguu ilipomkataa. Wenzake wanasema alikuwa akiinamisha sikio kwenye mota kabla ya kugusa chombo chochote, akasikiliza, akasema inaumwa wapi, na mara nyingi hakukosea.

Jumamosi tarehe 20 Agosti 1966 alimwoa dada yangu Simone Mujinga, binti wa wafanyabiashara kutoka Kasai, na pande zote mbili zilinung'unika kwanza, kisha zikala pamoja, kisha zikasahau zilichonung'unikia. Mungu aliwajalia watoto wanne, wasichana watatu na mvulana mmoja, wote wako hapa.

Sasa nifike kwenye muziki, maana nikiuacha mtasema nimemzika mtu mwingine. Mwaka 1973 Mwaba aliokota kinanda cha umeme kilichokufa katika ghala la parokia, akakifufua, na mwanzoni mwa 1974 akaanzisha kundi la watu watatu lililoitwa Waya Inaimba, yeye kwenye kinanda na mashine ya kanda, rafiki yake Chileshe kwenye ngoma na likembe, ile ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba, na Jeannot, mwanafunzi wa lugha kutoka chuo kikuu cha Kasapa, ambaye kwenye karatasi alikuwa Kapya lakini kwetu alibaki Jeannot. Jeannot alinasa kwenye redio nyimbo za Wahindi, za Waarabu, za kwaya za kusini, Chileshe alileta nyimbo za akina mama wa Luapula wanapotwanga, na Mwaba aliziweka zote juu ya mngurumo wa transfoma aliourekodi kazini, akaukata mkanda, akauunga ncha kwa ncha, akauzungusha kwenye miguu ya viti vya sebuleni ili sauti irudi na kurudi bila kukoma. Watoto walijifunza kutambaa chini yake, na dada yangu alikuwa akisonga bukari, ugali wetu, kwa mwendo wa ule mkanda, polepole, kama mtu anayeota macho wazi. Tuliokuwepo tulijiona tuko Lubumbashi na tuko mbali sana kwa wakati mmoja, na hadi leo sijui namna bora ya kuieleza raha ile.

Katika kanda zake ilikuwepo moja aliyoirekodi mwaka 1973, siku maiti ya baba yake Mzee Chomba ilipolazwa hapa hapa uani, na Mama Bwalya akamlilia kwa wimbo wa kwao, akitaja ukoo, akitaja mito, sauti ikipanda na kukatika. Kilio kile, wenyeji mnajua, hakiimbwi pasipo maiti, na kila mama analia kwa sauti yake, hata jirani aliye mtaa wa tatu humtambua. Mwaba aliisikiliza kanda ile miaka miwili, mpaka masikioni mwake ikawa muziki na ikaacha kuwa kilio, na hapo ndipo alipokosea.

Jumapili tarehe 10 Agosti 1975, saa tisa alasiri, Waya Inaimba walipiga katika baa moja mitaa miwili kutoka hapa, na Mwaba, bila kumwomba mama yake ruhusa, akaweka kilio kile juu ya ngoma na kinanda, vipaza sauti vikielekea barabarani. Ndani watu walivua viatu, wakaketi sakafuni. Nje majirani walisikia sauti ya Mama Bwalya, hawakuuliza mengi, wakabeba unga, makaa na kuni, wakaja kwake wakilia. Yeye alikuwa anachambua maharage, redio ya jirani ikivuma, hakuwa amesikia chochote, akauliza kuna nini, nao wakamjibu, "Tulisikia kilio yako, mama, njo tumekuya." Akahesabu watoto wake kwa macho, akaona wote wapo isipokuwa Mwaba, akaanguka chini, akamlilia mwanawe kwa wimbo ule ule, kwa jina lake, kwa saa nzima, hadi Mwaba, aliyefuatwa kule baa, alipotokea mlangoni akihema, mzima, na kipaza sauti cha mkononi bado anacho.

Mama hakumpiga wala hakumfukuza. Alijifuta uso, akamwambia mbele ya watu, "Nilisha kukulilia, mwana. Ile siku utakufa kabisa, shitakuwa na kilio ingine." Mwaba aliifungia kanda katika kisanduku cha chuma cha vyombo vyake, akaweka kufuli, na haikupigwa tena.

Tangu siku hiyo Mama Bwalya hakuimba, si kanisani, si jikoni. Kila Jumapili Mwaba alimtembelea, naye alimpikia, alimtania, alicheka naye, lakini neno lile hakulifuta, na mwanawe hakuwa na ujasiri wa kumwomba alifute. Alitafuta sauti ya kilio kile kwenye kinanda kwa miaka, akigeuza waya hii na ile, akiamini akiipata mama atamsamehe, na hakuipata. Jeannot alikwenda kufundisha Kolwezi mwaka 1979, kundi likapiga mara ya mwisho Krismasi ya 1984.

Novemba 1986 figo zilianza kumsumbua, akalazwa, akaruhusiwa, akalazwa tena. Mwezi wa nne mwaka huu alimwambia mkewe kwamba kufa hakumtishi, kinachomtisha ni kuondoka kimya, kama mota inayozimwa. Mama yake alikuwa akija kila siku kumwosha miguu, bila wimbo wowote, na sisi tuliowatazama tuliumia sana. Jumanne tarehe 14 Juni 1988, saa nne asubuhi, alikata roho akiwa na umri wa miaka arobaini na saba.

Jana asubuhi maiti ilipofika, akina mama wote walilia, isipokuwa mmoja. Mama Bwalya alikaa hadi jua lilipopanda, kisha akamwita dada yangu, akasema, "Kilio ingine iko mu ile kisanduku yake. Muifungule."

Familia inamshukuru Daktari Mulenga na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, inawashukuru wafanyakazi wenzake walioleta gari na jeneza, Jeannot aliyesafiri kutoka Kolwezi, na majirani wa Ruashi, hasa ninyi mlioleta unga mwaka 1975 na jana mkauleta tena, safari hii hamkukosea siku.

Nikimaliza, Chileshe atawasha mashine ya kanda, mkanda umekwisha kuzungushwa kwenye miguu ya viti mnavyoviona pale, tafadhali msiuguse. Mtamsikia Mama Bwalya wa mwaka 1973, na Mama Bwalya wa leo ameniambia ataimba juu yake, sauti mbili za mtu mmoja, kama mwanawe alivyopenda. Vueni viatu.

Mwaba, pumzika kwa amani, mama yako anakulilia.