Mkono Unaochimba na Mkono Unaotupa Mbegu

Sifa na zimrudie Bwana, ndugu zangu wa kanisa letu hapa Kingi. Mimi ni Mama Neema. Dada yangu ndiye anayewasomea, lakini maneno ni yangu. Nimeyachagua herufi moja moja kwenye kompyuta, kwa kuwaza tu.

Mnajua nilianguka shambani tukipanda maharage. Mshipa ulipasuka kichwani. Mwili haukusogea tena, ulimi ukafungwa, hata macho hayakunitii. Lakini nilisikia kila kitu. Uji ulipoungua nilijua. Hakuna aliyejua kwamba najua.

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alikuwa akisimama kando ya kitanda. "Kaka, muntu hayuko tena hapo," alisema. "Tumurudishe kwao Kashebere, mama yake amuangalie." Watoto wangu wangebaki Kingi. Nililia ndani, bila machozi.

Mume wangu alijibu: "Tumupeleke kwanza Goma. Wako na masini ya kusoma kichwa. Ikishindwa, basi."

Hospitalini mama mmoja fundi alinivisha kofia yenye nyaya. Alieleza vizuri. Mtu akiwaza kusogeza mkono, hata usiposogea, mawimbi madogo ya ubongo hupungua nguvu mahali panapoongoza mkono huo. Wa kulia unaongozwa na upande wa kushoto wa kichwa, na wa kushoto na upande wa kulia. Mkono wa kulia ungekuwa ndiyo, wa kushoto hapana, na mshale kwenye kioo cha kompyuta ungeelekea upande wa mkono niliouwaza.

"Waza kazi mukono wako unaijua," aliniambia.

Ndugu zangu, niliwaza kwa nguvu zangu zote, na nikaomba. Mshale ulicheza katikati, haukwenda popote. Tulirudia mpaka fundi akachoka. Shemeji alisema, "Si niliwaambia?"

Fundi alitazama kioo tena, akamgeukia mume wangu. "Mawimbi ya pande zote mbili yanapungua pamoja. Papa, mama huyu anafanyaka kazi gani?"

"Analima. Siku ile alikuwa anapanda maharage."

"Kwa mukono gani?"

Mume wangu alicheka. "Yote mbili, mama. Wa kulia unachimba, wa kushoto unatupa mbegu. Kwetu hakuna muntu anagawanya ile kazi."

Ni kweli. Kwangu ilikuwa kazi moja, nami niliiwaza yote kila mara.

Mume wangu akaniinamia sikioni. "Mama Neema, leo tuko wawili shambani. Kwa ndiyo, wewe chimba tu, mimi ndo nitatupa mbegu. Kwa hapana, mimi nachimba, wewe utupe. Sasa, unataka kurudi Kashebere?"

Nilimwachia jembe. Nikahisi mbegu vidoleni, baridi, nikazitupa moja baada ya nyingine. Mshale ulikwenda kushoto na kukaa huko.

Kisha shemeji akauliza polepole, "Shemeji, yote nilisema, uliyasikia?"

Nilichimba. Mshale ulikwenda kulia haraka kuliko mara zote. Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini, na shemeji akatoka nje kutafuta maji ya kunywa.

Namshukuru Mungu aliyeacha mlango mmoja wazi ndani yangu. Bado sitembei. Lakini naishi kwangu, na watoto wangu. Wewe uliye na mgonjwa asiyejibu, mtegemee Bwana, na umsalimie mgonjwa huyo kila asubuhi kwa jina lake. Huenda anakujibu.