Teodori Adriano Sikazwe, Mpuliza Saksafoni wa Chanji

Marehemu kaka yetu Teodori alizaliwa Mwazye tarehe 9 Novemba 1966, mtoto wa kwanza wa hayati mzee Adriano na mama Rozina. Alisoma shule ya msingi hapohapo Mwazye, akamaliza darasa la saba mwaka 1981. Ubishi alianza nao huko.

Mwaka 1986 alihamia Chanji, akawa fundi cherehani. Jumapili alipuliza saksafoni katika bendi ya parokia. Tarehe 2 Oktoba 1993 alifunga ndoa na Albina wa kijiji cha Kate, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 2021 aliugua kifua kikuu. Alipona, lakini pafu moja lilibaki na kovu. Nikamwambia aache kupuliza. Akajibu, "Klementina, na wewe acha kusema, tuone nani ataanza kuumwa."

Kilichotuchosha sisi ndugu ni habari ya mdomo wa saksafoni, kile kipande kinachoingia kinywani. Wa marehemu ulikuwa na tundu jembamba. Ni mgumu, unabana hewa, lazima usukume, lakini pumzi kidogo inadumu. Kiongozi wa bendi, Nestory, akaleta mipya yenye tundu pana ili sauti ifike barabarani. Marehemu akamwambia, "Mwanangu, huu ni mlaini, ila unakunywa pumzi kama lori bovu linavyokunywa mafuta." Nani amsikilize fundi cherehani?

Tarehe 27 Aprili 2024 binti yake Silvana aliolewa. Marehemu alitaka kitu kimoja tu: ampigie mwanawe kuanzia mlangoni hadi mbele ukumbini. Akatii bendi, akaweka mdomo mpya. Ubeti wa kwanza haukuisha, pumzi ikakata.

Nestory akasema, "Baba, kaa, sisi tutamalizia."

"Kaa wewe."

Akatoa mdomo wake wa zamani mfukoni, akaubadilisha mbele ya watu, bibi harusi amesimama anasubiri. Akapiga chini chini. Wapishi nje wakaacha kugonga masufuria ili wasikie. Silvana alifika mbele, baba yake bado anapiga.

Kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua tena, lakini hospitali alikuwa ameikataa mpaka harusi ipite. Tuligombana naye, tukamtumia na padri, wapi. Alilazwa tarehe 6 Mei, akafariki tarehe 11 Juni alfajiri. Daktari alisema tumechelewa. Tumechelewa nani?

Amemwacha mama yetu Rozina, mjane Albina, watoto Silvana, Gabriel na Salome, na mimi dada yake. Apumzike kwa amani, maana hapa duniani alikataa.