Magunia Arobaini na Mawili ya Mama Concilie

Mliokusanyika hapa leo, Jumamosi tarehe 14 Juni 2025, mnamzika Concilie Nizigama, mjane wa Népomuscène, mama wa watoto wanne, ambaye kwa miaka ishirini na minane hakununua jani la mboga sokoni. Wasifu huu umeandikwa na bintiye mkubwa, Candide. Kamati ya mazishi ilimwomba aupunguze ukali. Ameupunguza, huu ndio uliobaki.

Marehemu alizaliwa Ruziba tarehe 9 Aprili 1958. Baba yake alikuwa na shamba dogo karibu na ziwa, lenye udongo mweusi ambao marehemu aliusifu mpaka watoto wake wakachoka kusikia. Kabla hajajua kusoma alijua kutofautisha mche wa lengalenga, yaani mchicha, na gugu. Alisoma shule ya msingi hukohuko kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, akafaulu mtihani wa darasa la sita, lakini karo ikaenda kwa kaka yake, kwa sababu msichana, walisema wazee, atalima tu. Hakulisahau neno hilo. Alilima kweli, na kaka yake alikula kwake hadi alipofariki.

Tarehe 18 Agosti 1979 alifunga ndoa na Népomuscène, dereva wa lori la vinywaji, wakahamia mjini, mtaa wa Kamenge. Mwaka 1983 aliajiriwa kuwa mpishi katika shule moja ya bweni, kazi aliyoifanya miaka thelathini bila kupandishwa cheo. Machi 1995 vita viliwafukuza mtaani. Huko walikokimbilia marehemu aliona watu wenye pesa mfukoni wakilala njaa, kwa kuwa njia za sokoni zilikuwa zimefungwa. Waliporudi mwaka 1997, uani palikuwa pamejaa matofali yaliyovunjika, vioo na vipande vya mabati. Palikuwa hapalimiki. Mumewe akasema basi, watanunua mboga kama watu wote. Marehemu akamjibu: "Mi niko na mikono, na udongo uko Ruziba. Soko niende kuomba nini?"

Ndivyo ilivyoanza. Kila lori lilipopita kusini, njia ya Ruziba, Népomuscène alirudi na gunia moja la udongo wa baba mkwe wake. Marehemu alilisimamisha, akapanga mawe katikati kutoka chini hadi juu ili maji yafike mizizini, akalitoboa ubavuni na kuchomeka miche. Baadaye alijenga matuta manne ya juu, yaliyozungushiwa mbao, juu ya vifusi vilevile. Ndoo zilizopasuka ziliotesha pilipili, na mabidoni, yaani madumu, ya mawese yaliyokatwa yaliotesha biringanya. Siku moja Népomuscène alirudi safari akakuta nguo zake zimekunjwa vizuri juu ya kiti, na sanduku lake la bati limejaa vitunguu vichanga. Aliuliza kama viatu vyake navyo vimepandwa. Alicheka mwenyewe, na sanduku hakulidai tena hadi alipofariki mwaka 2011.

Watu walimwita Mama Magunia, na wengine walisema ana wazimu. Waliosema hivyo walijua mlango wa uani. Marehemu alitoa sombe, majani ya muhogo, alitoa nyanya, alitoa miche na kumfundisha mtu namna ya kuitunza, akisema kwamba mtegemea cha ndugu hufa maskini. Wengi walichukua majani, wakaiacha miche. Maji hakuyamwaga ovyo: ya kuoshea mchele, ya kuoshea sahani, ya kunawia mikono, yote yaliishia kwenye gunia.

Ziwa lilipopanda mwaka 2021 lililimeza shamba la Ruziba lote. Marehemu alikwenda kuliona mara moja tu. Aliporudi aliyahesabu magunia, akapata arobaini na mawili, akamwambia Candide kwamba urithi wa baba yake sasa uko uani, na hakuna mahali pengine.

Mwaka 2023 kisukari kilianza kumla miguu. Alilazwa mara tatu. Wanaolia kwa sauti kubwa leo wajiulize walimtembelea mara ngapi. Kila siku alimuuliza Candide habari za magunia kabla ya kuuliza habari za dawa. Jumapili iliyopita alisema: "Candide, mi nikienda, hii udongo isitoke hapa. Unasikia? Isitoke." Candide akamuahidi. Marehemu alifariki Jumanne tarehe 10 Juni, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na saba.

Jumatano Candide alikuwa chumba cha maiti akifuatilia karatasi. Ufunguo wa geti alimpa baba yake mdogo, Sylvère, mwenyekiti wa kamati, ili apokee viti. Kosa hilo ni la Candide, na hajajisamehe. Hema lingesimama barabarani, kama mahema ya misiba yote ya mtaa huu. Sylvère aliona wageni wa heshima hawawezi kukaa juani wakati uwanja upo. Vijana wakaletwa na majembe, wakabomoa matuta manne, wakapasua magunia thelathini na moja. Udongo wa Ruziba ukatupwa mtaroni. Kumi na moja yaliokolewa na jirani, Khadidja, aliyeyakokota mojamoja hadi kwake huku akiwatukana.

Candide alirudi usiku, na Alhamisi alfajiri alichukua jembe aukusanye udongo. Sylvère akamzuia. "Mama yako hajazikwa, na we unataka kulima? Kwenye kilio mutu hashike jembe. Mwacha mila ni mtumwa."

Ni kweli, kwetu msiba ukiingia jembe hulala hadi siku ya kuondoa kilio. Candide hakatai. Anachouliza mbele ya kaburi hili ni mila gani iliyolala Jumatano, jembe lilipong'oa, ikaamka Alhamisi lilipotaka kupanda. Jioni ile waombolezaji walilishwa lengalenga za sokoni, zimenyauka, katika ua wa Mama Concilie, juu ya mahali zilipokuwa zake. Candide hakula. Ana hasira, na hataki kuambiwa kwamba ni uchungu tu.

Khadidja alipoombwa aache kumwagilia magunia hadi kilio kiishe, alijibu: "Mi si wa familia, mila yenu hainifunge. Concilie alinipa mboga miaka makumi mbili. Nitayanywesha." Na ameyanywesha kila asubuhi.

Marehemu ameacha watoto wanne, Candide, Audace, Loïc na Joëlla, wajukuu saba, shemeji mmoja, na Khadidja, ambaye anatajwa pamoja na familia kwa kuwa alifanya kazi ya familia. Ameacha pia magunia kumi na moja.

Tukitoka makaburini, mtanawa mikono getini kama desturi inavyotaka. Maji hayo hayatamwagwa chini. Mabeseni yatabebwa hadi kwa Khadidja, kila gunia lipate lake, na beseni la kwanza atalibeba Sylvère mwenyewe. Mila inakataza jembe, beseni haikulitaja. Asiyetaka aende nyumbani na mikono yake ilivyo.

Mama, udongo ulitoka, na ahadi ilivunjika. Uliobaki hautatoka. Upumzike kwa amani uliyonyimwa uani kwako.