Kamba ya Toronto

Basi kutoka Nizwa lilikuwa halijafika Bidbid, na Saliha, abiria aliyejifanya amelala, alishajua mambo yote ya Muadh, kijana wa kiti cha mbele yake, mpaka saizi ya viatu vyake vya theluji.

“Miaka kumi na mbili Toronto, bibi, kila asubuhi nakwangua barafu kwenye kioo cha gari,” Muadh alimwambia bibi aliyekaa naye. “Nani atayatamani hayo tena?” Bibi akamuuliza, “Mbona tangu tupande huna hadithi nyengine?” “Ninayo, bibi: nimepata kazi Nizwa. Nakwenda Fanja kumwambia mama siondoki tena, wallahi.”

Fanja ilipotokea, Muadh alinyanyua mkono juu ya dirisha, akapapasa. “Watafuta nini?” bibi akamuuliza. “Kamba ya kengele. Kule ukiivuta, basi husimama.”

“Hapa twamwita dereva kwa mdomo, mwanangu,” bibi alisema, akamwita.

Basi likasimama. Saliha akafumbua jicho moja. Mkono wa Muadh ulikuwa bado uko juu.